Amplifaya iliyopozwa kwa pistoni

Binamu yangu, mtoto wa mjomba, alishuka kwenye bajaji mbele ya kibanda changu karibu na soko la Chikongola, Mtwara, akiwa na boksi la mbao, ukubwa wake kama kreti mbili za soda. Hata salamu hakumaliza.

"Wa vyuma chakavu kasema elfu nane. Hebu angalia ndani, kama kuna shaba aniongeze."

Mimi na yeye ni watani, nikamwambia shaba iliyomo humo huenda inamzidi yeye bei. Akanichapa na ncha ya mtandio, akaingia sokoni kutafuta samaki, boksi akaniachia.

Mimi ni fundi redio. Siku hizi redio zinazoletwa hazifiki tano kwa mwezi, ugali unatoka kwenye vioo vya simu na matundu ya chaji, lakini bado najiita fundi redio kwa sababu ndiyo kazi niliyofundishwa. Nikaligeuza boksi. Nyuma lilifungwa skrubu nne. Tatu zilikuwa za mbao za kawaida, ya nne ilikuwa bolti ya kabureta. Hapo nikajua limetoka kwenye mikono ya nani.

Ndani kulikuwa na vumbi, mavi ya panya na spika moja kubwa iliyochanika: amplifaya, kikuza sauti cha gitaa. Na katikati, pale ambapo fundi mwingine angeweka bati la alumini la kupozea, kulikuwa na pistoni. Pistoni ya gari kabisa, ya Land Rover kwa ninavyozijua, imekatwa chini kwa msumeno, kichwa kimetobolewa, na juu ya kichwa zimekaa transista mbili za 2N3055, zile za umbo la kofia.

Asiye fundi hawezi kuelewa kwa nini niliweka bisibisi chini nikakaa. Transista ya aina hiyo ikipewa kazi inachemka, na isipopata chuma cha kumwagia joto lake inakufa upesi sana. Pistoni ni alumini, na kuzaliwa kwake ni kwa ajili ya moto, kwa hiyo kupoza inaweza. Lakini mwili wa 2N3055 wenyewe una umeme. Ukiikalisha moja kwa moja kwenye chuma, umejipigia shoti mwenyewe. Inatakiwa uweke katikati kitu kinachopitisha joto ila umeme hakipitishi. Nikawasha tochi ya simu, nikachungulia. Kulikuwa na kipande cha maika, chembamba kama ganda la kitunguu, na ukikiangalia kwa pembeni unaona alama za waya uliokuwa umekizunguka zamani. Mtu alivunja pasi ya umeme iliyokufa, akatoa maika yake, akaikata kwa mkasi kufuata umbo la transista.

Nikampigia binamu simu akiwa bado kwenye samaki. Nikamwambia usiuze, nitakupa kumi.

*

Mjomba alikuwa makenika wa malori, gereji yake ilikuwa Majengo. Kwetu mjomba si mtu wa kuonwa Idi hadi Idi. Ndiye aliyenipeleka jandoni, ndiye aliyelipa ada yangu, na ndiye aliyeniweka mbele ya redio mbovu nikiwa na miaka kumi akaniambia nisiinuke mpaka iseme. Nilimjua akiwa mtu mzima mwenye oili nyeusi kwenye kucha ambayo hata msibani haikutoka. Gitaa nililiona mara mbili tu, limening'inia ukutani juu ya mitungi ya gesi ya kuchomelea, halina nyuzi.

Habari za bendi nilizisikia matangani. Watu wakishakula pilau, mzee mmoja atasema, "Marehemu naye alikuwa anatusumbua na ile bendi ya gereji," wengine watacheka, halafu mazungumzo yanahamia kwenye bei ya korosho. Hivyo ndivyo nilivyoijua kwa miaka yote: bendi ya gereji. Ilikuwa na jina lake rasmi, ila siliandiki hapa. Waliopiga bado wawili wako hai, kila mmoja ana jina lake na kila mmoja anaapa la mwenzake ni la uongo. Ubao wa mbele wa dramu kubwa, ulioandikwa kwa rangi, sasa ni mlango wa banda la kuku kwa binamu. Nimeenda kuuangalia. Herufi iliyobaki ni moja, inaweza kuwa S, inaweza kuwa kuku amekwaruza.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natafuta mchoro wa saketi kwenye intaneti nikaangukia habari za muziki ambao Wamarekani wanauita roki ya gereji. Ilinichekesha kidogo. Gereji ya Mmarekani ni chumba cha kulaza gari zima. Yetu ni mahali gari linapoletwa likiwa maiti. Baada ya The Beatles kuonekana kwenye televisheni ya Marekani Februari 1964, vijana wa sekondari kila mji walinunua magitaa ya bei chee, wakajifungia kwenye gereji za wazazi wao, wakapiga kwa nguvu kuliko walivyojua kupiga. Wengi wao walitoa sahani moja au mbili ndogo, nakala mia chache, kisha mmoja akaenda chuo, mwingine akapelekwa Vietnam, bendi ikafa. Mwaka 1972 mwandishi wa muziki Lenny Kaye akakusanya nyimbo za vijana hao kwenye santuri mbili, na tangu hapo watu wazima wenye ndevu wanazitafuta zile sahani kama watu wanavyotafuta rubi.

Kulikuwa na jambo moja nililolisoma mara mbili. Mwaka huohuo wa 1964, London, kijana anayeitwa Dave Davies wa bendi ya The Kinks alichukua wembe akachana karatasi ya spika ya amplifaya yake makusudi, ili gitaa likorome. Wimbo ukashika namba moja Uingereza. Makusudi, jamani. Ya mjomba ilichanwa na panya.

*

Nilichojua kuhusu bendi hiyo baada ya hapo nimekipata kwa mguu, hasa kwa mzee aliyekuwa anapiga besi, ambaye anakaa Mikindani, na kwa mwingine aliyekuwa kwenye tumba. Nitawaita Besi na Tumba, wenyewe hawatajali.

Wanakubaliana kwamba ilianza na mkimbizi. Miaka ya vita vya Msumbiji watu wengi walivuka Ruvuma kuja huku, Wamakonde wenzetu wa upande wa Mueda, na mmoja wao alivuka na gitaa kavu mgongoni. Yeye aliliita viola, kama Wareno wanavyoliita, na mpaka leo Besi analiita viola. Huyo kijana aliwahi kuwa kibarua huko chini kusini, na huko alisikia redio ya Lourenço Marques, Maputo ya leo, iliyokuwa inarusha nyimbo za Kizungu za vijana mpaka ilipofungwa mwaka 1975. Maneno hakuyajua, alikuwa anaimba sauti tu. Alikuja kuomba kazi gereji, mjomba akampa kazi ya kuosha spea kwa petroli. Jioni akatoa viola.

Msumbiji ilipopata uhuru wake, Juni 25, 1975, wenzake wakarudi. Yeye alikaa mwaka mmoja zaidi. Tumba anasema ni kwa sababu ya muziki. Besi anasema ni kwa sababu ya mwanamke wa Mtonya.

Sasa, kupata gitaa la umeme Mtwara miaka ile. Bendi tunazozisikia kwenye zilipendwa nyingi zilikuwa na mwenye mali. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana, polisi walikuwa na yao, jeshi walikuwa na yao. Vyombo viliagizwa nje kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni mtu binafsi alikuwa hazioni. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa: unaingia, unakuta gitaa la shirika, ukiondoka unaliacha. Ndiyo maana wapigaji walikuwa wanahama bendi kama wachezaji mpira. Sisi kusini tulikuwa tunajivunia Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, lakini nayo maisha yake yalikuwa Dar. Hata hao waliopiga roki yenyewe, Sunburst, walikuwa Dar es Salaam, na santuri yao waliyoitoa mwaka 1976 walikwenda kuirekodi Lusaka. Makenika wa Majengo angeagiza gitaa kwa kibali gani?

Wakatengeneza. Gitaa la solo ni mninga, shingo yake imetoka kwenye mguu wa kitanda. Kile kifaa cha kunasa sauti chini ya nyuzi, mjomba alikisuka mwenyewe. Alichukua koili iliyokufa, ile ya kutoa cheche kwenye injini ya petroli, akaipasua, akamwaga oili yake, akaufumua ule waya wa ndani, mwembamba kuliko unywele, akauzungusha upya kwenye kipande cha mbao chenye sumaku za dinamo ya baiskeli. Besi anasema kazi hiyo ilichukua usiku nne, na kila waya ulipokatika mjomba alikuwa halaani wala hanuni, anaunga, anaendelea. Mimi nimeshasuka mota za feni, najua ni kazi gani. Nyuzi zilitoka kwenye kebo ya breki ya baiskeli: nyembamba walichomoa uzi mmojammoja, nene za besi walifunga kebo nzima. Vidole vya Besi vina alama mpaka leo. Alinionyesha, ncha zake ni ngumu kama kisigino.

Dramu ziliwambwa ngozi ya mbuzi. Hili lina ucheshi wake. Mpiga dramu alitoka kwenye ngoma, amecheza sindimba tangu utoto, na kwake ngozi ikilegea dawa yake ni moto. Kwa hiyo katikati ya dansi, suruali za pekosi na viatu vya raizoni vimeshapamba moto ukumbini, jamaa anasimama, anabeba dramu mbili, anatoka nje kuziota kwenye moto wa makuti. Bendi inabaki na tumba peke yake mpaka arudi. Watu waliizoea ile sehemu wakawa wanaisubiri. Kengele yake ilikuwa kipande cha reli, ile reli ya kwenda Nachingwea waliyoijenga Waingereza kwa mradi wao wa karanga, ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 60. Shule ngapi huku zimegongewa kengele kwa reli hiyo. Kwenye bendi ilisikika, Tumba anasema, "mpaka Ligula, wagonjwa wanageuka kitandani."

Amplifaya, hii iliyo mezani kwangu sasa, ilijengwa kula volti 12. Umeme wa Mtwara enzi hizo ulikuwa wa jenereta za dizeli, gesi ya Mnazi Bay bado ilikuwa imelala chini ya bahari, na dizeli ikikosekana mji mzima giza. Bendi ya gereji haikuhitaji mtu. Wanafungua bonet, wanatoa betri ya lori la mteja, wanapiga mpaka alfajiri, asubuhi wanaichaji na kuirudisha. Mteja mmoja alikuja saa kumi na moja alfajiri kuchukua lori lake la kwenda Masasi, akakuta betri yake iko jukwaani. Hakukasirika, alipanda jukwaani kucheza mpaka jua likatoka. Hayo ni maneno ya Tumba. Besi anasema alikasirika sana.

Volti 12 kwa ukumbi uliojaa watu ni kidogo. Mjomba alikuwa anafungua sauti mpaka mwisho, na amplifaya ikifika mwisho wa uwezo wake haipandi tena, inakata vichwa vya mawimbi, sauti inageuka kuwa kama shuka linachanwa. Ongeza na ile spika: panya aliitoboa, mjomba akaiziba kwa vipande vya gazeti na solusheni ya kuzibia tyubu za baiskeli. Solo likipanda, gazeti linapapatika. Wapigaji wa Dar wangeona aibu. Hawa waliona ndiyo sauti yao, na wasichana wa bugi la mchana nao wakaona hivyo. Kuuita muziki wao roki hawakuuita. Novemba 1969 muziki wa soul ulikuwa umeshapigwa marufuku Dar es Salaam, na kabla ya hapo kulikuwa na Operesheni Vijana ya kufukuzana na suruali za kubana na sketi fupi, kwa hiyo mtu mwenye akili akiulizwa anapiga nini anajibu, "Dansi." Dansi la kasi, wakibanwa zaidi.

Walipiga nyimbo za wenzao na zao kama sita hivi. Wimbo uliopendwa kuliko zote ulimhusu utingo anayesubiri spea kutoka Dar, gari limelala porini Mbwemkuru, mpaka anaoa huko, anazaa huko, spea ikifika mtoto ndiye anayeipokea. Besi aliniimbia akiwa anapara samaki. Niliomba arudie nirekodi kwenye simu, akasema nyimbo za bendi haziimbwi na mtu mmoja.

*

Maisha ya bendi yalifuata korosho. Kuanzia Oktoba fedha zikianza kutembea vijijini, walipakia vyombo kwenye lori, wakaenda Newala, Tandahimba, Kitangari, Nanyamba, wakipiga kwenye maghala na kwenye viwanja vya shule. Walikodiwa mpaka kwenye sherehe za kutoa mwali unyagoni, kwa sababu hakuna ngoma inayoshindana na amplifaya. Masomo, makungwi wetu, walilalamika kwamba vyuma vile vinawafunika. Wakapatana: mpaka usiku wa manane bendi, baada ya hapo ngoma, na bendi inakaa kimya. Nilipomwuliza Tumba kama walikaa kimya kweli, alinitazama kama nimemtukana. "Kungwi akikuambia nyamaza, njomba, unanyamaza."

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho kama tani 145,000, na nyingi zilitoka huku kwetu. Baada ya hapo watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho ikabaki mbali porini peke yake, bei ikawa haimshawishi mtu kutembea saa tatu kwenda kuokota, halafu ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia ukachoma maua. Kufikia msimu wa 1986/87 nchi nzima ilikuwa haifikishi tani 20,000. Besi hahitaji takwimu hizo. Anasema mwaka wa kwanza walilipwa fedha, mwaka wa tatu walilipwa korosho, mwaka wa mwisho walilipwa mihogo.

Kabla ya mihogo ilikuwepo safari ya Dar. Mahali bendi zilipokwenda kurekodi palikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Mashairi yanakaguliwa kwanza, halafu mnapiga wimbo mzima kwa pamoja, mkanda unabaki redioni, nchi inawasikia. Mambo ya kutengeneza sahani yalikuwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulifungwa kuanzia 1977 hadi 1983, kwa hiyo hilo hata hawakuliota. Redio ndiyo ilikuwa kila kitu. Wakaandika barua kwa ofisi moja ya hapa kuomba utambulisho. Barua ikakaa. Wakaandika nyingine. Mwisho mjomba akasema tunakwenda bila barua, tukifika tutajieleza.

Waliondoka mwezi wa tatu, masika yameshaanza. Kila mtu wa Mtwara au Lindi aliyezaliwa kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 anajua sentensi hiyo inaishia wapi. Barabara ilikuwa udongo, na Rufiji ilivukwa kwa pantoni. Walilala Lindi, walilala Nangurukuru, baada ya Somanga lori likazama mpaka ekseli. Tumba anasema waliishia hapo, wakageuza. Besi anasema walifika mtoni kabisa, wakakuta mto umefurika, pantoni haivuki, na malori yamepanga foleni hayana pa kwenda. Wakakaa siku sita. Siku ya nne madereva wakawaomba wapige. Wakafunga vyombo nyuma ya lori, betri zilikuwepo za kumwaga, watu wakacheza kwenye tope pekupeku, malipo yao kambare wa kubanika. Ndipo wakarudi.

Mimi namwamini Besi, na sababu yangu ni ndogo tu. Nyuma ya boksi, kwenye kona ya chini, kuna mstari wa tope lililokauka umekwenda sawasawa kama maji yalisimama hapo. Tope lake ni jeusi. La kwetu Mtwara ni jekundu.

Kilichofuata hakina hadithi ndefu. Petroli ikawa ya kupanga foleni, kuendesha gari Jumapili alasiri kukapigwa marufuku, vyombo wakawa wanavisukuma kwa mkokoteni. Sabuni hakuna, betri mpya hakuna. Kaseti zikaingia, kijana mmoja mwenye deki na spika mbili anafanya kazi ya watu saba na halali ghetto la mtu. Mpiga dramu akaenda Dar kuuza mitumba, akawa mmachinga wa wale wa mwanzo, hakurudi. Halafu wakagombana kuhusu nani mwenye amplifaya, kwa sababu pistoni ilikuwa ya mjomba, transista alizinunua Besi kwa baharia, na boksi lilikuwa la kabati la mama yake Tumba.

Nimetafuta sauti yao. Bibi mmoja wa Msangamkuu aliniambia kaka yake aliwarekodi kwa redio kaseti harusini. Nikavuka na boti kumfuata. Kaseti ipo, mkanda wake umetumika kufungia miche ya nyanya.

*

Nilipoitengeneza amplifaya niliifanyia heshima zote. Transista zilikuwa nzima, nimezipima mara tatu sikuamini. Nilibadilisha kapasita zilizovimba, nikasafisha, nikalehemu upya miguu iliyooza, pistoni sikuigusa. Spika nikaivisha karatasi mpya niliyoagiza Kariakoo. Ilipowaka ikanguruma kidogo, ikatulia, safi. Nikaifunga kwenye bodaboda na betri ya gari mapajani mwangu, mpaka Mikindani.

Besi alikuwa kibarazani. Nikampa shikamoo, akaitikia huku macho yako kwenye boksi. Hakusema lolote kwa muda. Akaingia ndani akatoka na gitaa lake, zile kebo za breki zina kutu, akazifuta kwa kipande cha mkeka. Nikachomeka. Akapiga noti tatu, nne, akasimama.

"Umeifanya nini?"

Nikamweleza, kapasita, spika mpya, naona fahari.

"Hii imekuwa ya msikitini, njomba. Imetulia mno." Akapiga tena, akatikisa kichwa. "Ile karatasi yake iko wapi?"

Karatasi ya zamani nilikuwa nayo, kwa bahati, kwenye mfuko wa nailoni ndani ya begi la vifaa, maana mimi situpi kitu. Akaitoa akaigeuza juani kama mtu anayeangalia yai. Mahali palipozibwa, maandishi ya gazeti la Uhuru bado yanasomeka, neno moja na nusu. Pembeni kulikuwa na tundu jipya, pengine la panya wa vizazi vya karibuni. Akaniambia nivue ile mpya.

Tukakaa chini wawili. Solusheni tulipata kwa fundi baiskeli wa jirani. Gazeti ikawa shida, siku hizi kila mtu anasoma kwenye simu. Mjukuu wake akaja na kurasa za daftari la hesabu, Besi akazikataa, nzito. Mwisho muuza karanga akatugawia koni moja ya gazeti, akabaki anamimina karanga zake mkononi. Besi alipaka mwenyewe, kwa kidole, polepole, akiacha ukingo mmoja bila gundi.

"Huo haujashika, mzee wangu," nikamwambia.

"Huo hauzibwi."

Tulisubiri ikauke, tukanywa chai. Alipopiga sasa, boksi zima likakoroma, ukingo ukapapatika, vikombe kwenye sinia vikaanza kugongana. Akafumba macho. Alikuwa anapiga wimbo wa utingo, njia ya besi peke yake, kidole cha pete hakikunjiki tena kwa hiyo alikuwa anakiruka. Watoto wakajaa ukutani. Mmoja, wa jirani, alisogea mpaka karibu na mimi akaniuliza kwa sauti ya chini kama redio ya babu imeharibika.

Besi alisikia. Bila kufumbua macho akamjibu yeye mwenyewe: "Ndiyo."